Ubungo baada ya barabara za juu: magari yamepata njia, abiria bado. Tujadili kwa namba

Mpima Foleni (#1)

Wakuu, heshima kwenu.

Daraja la Kijazi, yaani barabara za juu za Ubungo hapa Dar, lilizinduliwa 24 Februari 2021, siku moja na stendi ya mikoani ya Mbezi Luis. Tangu hapo anayetoka Kibaha kuingia mjini, au anayetoka bandarini kwa barabara ya Mandela kwenda Mwenge, anapita Ubungo bila kusubiri taa. Hilo halina ubishi.

Chini ya daraja ni habari nyingine. Daladala zimepanga mistari miwili, bodaboda wamejaza kona, abiria anayebadilisha gari anakatiza katikati ya magari. Na mambo yataongezeka: mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) awamu ya kwanza (km 20.9, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani) tayari inapita hapo, awamu ya nne ina tawi la barabara ya Sam Nujoma kutoka Mwenge hadi Ubungo, na Mandela imepangwa kwenye awamu ya tano. Njia tatu zitakutana sehemu moja.

Hoja yangu niiweke mezani mapema: kinachojaza Ubungo ni muda ambao kila gari linasimama. Idadi ya magari inafuata nyuma. Angalieni hesabu hii. Tuseme upande mmoja unapokea daladala 180 kwa saa (namba rahisi ya kukokotolea, mwenye hesabu halisi aweke yake). Kila moja ikikaa dakika 4, wakati wowote utakuta 180 × 4 ÷ 60 = 12 zimesimama. Kwa kuwa haziji kwa mpangilio bali tatu tatu, ongeza theluthi hadi nusu, unapata nafasi 16 hadi 18. Coaster ina urefu wa mita 7 hivi. Ukitaka kila moja ichomoke bila kusubiri ya mbele yake, ipe mita 12. Nafasi 18 ni mita 216 za ukingo wa barabara. Mita 216 hizo zitoke wapi pale?

Sasa shusha muda wa kukaa hadi dakika 2. Zinazosimama ni 6, nafasi ni 9 ukiweka akiba, ukingo ni mita 108. Umepata nusu ya eneo bila kumlipa mtu fidia wala kumwaga zege.

Karibuni. Siasa tuziache jukwaa lake.

Njia Tatu (#2)

Mkuu, hesabu imenyooka, ila tujiulize kwa nini dereva anakaa hizo dakika 4. Si ukaidi. Ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, mafuta juu yake, na kinachobaki ndicho chake na konda. Akiondoka na siti kumi tupu, abiria kumi hao anawaachia wa nyuma yake. Kwa hiyo anasogea mita tano, anasimama, anarudi nyuma kidogo, mpiga debe anagonga bodi. Faini ya trafiki haimbadilishi, kwa sababu hata akiandikiwa leo, kuondoka tupu kila tripu kunamgharimu zaidi kwa mwezi.

Kinachofanya kazi ni kutenganisha *kusubiri* na *kupakia*. Gari linalosubiri zamu likae uwanja wa pembeni; stendi ya Simu 2000 pale Sam Nujoma ni karibu na ilijengwa kwa kazi ya daladala. Kituoni liende pale tu nafasi yake ikiwa wazi. Utaratibu wake:

Kila ruti ipewe nafasi 2 tu kituoni, moja inapakia, moja inashusha. Msimamizi wa kituo ana redio ya mkononi, mwenzake yuko uwanjani. Gari likitoka, linaitwa lingine la ruti hiyo hiyo. Lililoko kituoni lina dakika 2, lijae au lisijae. Hapa ndipo penye mtego: sharti la dakika 2 liwabane wote wa ruti ile, maana akiruhusiwa mmoja kukaa 5, wenzake wote watadai 5 kufika saa nne asubuhi.

Na kushusha kusifanyike sehemu ya kupakia. Anayeshuka anakutana mlangoni na anayegombea siti, mlango ni mmoja, sekunde 40 zimeshapotea hapo.

Msomaji wa Kimara (#3)

Mkuu Njia Tatu, na wale wanaokatisha ruti jioni? Kibao kinasoma Mbagala, gari linageuzia Buguruni.

Njia Tatu (#4)

Huyo hadhibitiwi Ubungo, anadhibitiwa mwisho wa ruti. Msimamizi wa kule aandike namba ya gari na saa ya kufika, Ubungo aandike saa ya kutoka. Daftari mbili zikilinganishwa usiku, aliyegeuzia njiani anaonekana waziwazi. LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, wana mamlaka ya leseni ya njia, na leseni ndiyo anayoiogopa kuliko faini.

Zege30 (#5)

Niongelee pa kuweka kituo na namna ya kukijenga, maana hapa ndipo pesa zinapotupwa.

Kosa la kwanza ni kituo kuwa kwenye mguu wa daraja. Magari yanayoshuka kutoka juu yako kwenye mwendo, yanayotoka chini yanaingia kutoka kushoto, halafu katikati yao Coaster imesimama. Njia moja kati ya mbili ikifungwa, uwezo unashuka chini ya nusu, kwa sababu hata njia iliyobaki inapunguza mwendo kumpisha anayechomekea. Kituo kiwe mita 100 au zaidi mbele ya pale njia zinapoungana, na kiwe na mchepuko wake: kina cha mita 3 hadi 3.5, mkia wa kuingilia mita 20 na ushee, wa kutokea mita 15. Mkia ukiwa mfupi dereva haingii sawasawa, anaacha makalio ya gari barabarani. Mnaviona kila siku.

Kosa la pili ni kujenga kituo kwa lami. Gari zito likifunga breki mahali pale pale mara mamia kwa siku kwenye joto la Dar, lami inasukumwa mbele na kuvimba kama matuta ya viazi. Dizeli inayovuja inayeyusha bitumeni. Ndiyo maana njia za mwendokasi awamu ya kwanza zilimwagwa zege. Kwa kituo cha daladala na mabasi:

Chini kabisa udongo ushindiliwe na upimwe, si kukadiria kwa macho. Juu yake sm 15 za changarawe iliyochanganywa na saruji. Kisha zege la C30 (daraja la nguvu ya zege) au zaidi, unene sm 22 hadi 25. Maungio kila mita 4.5. Kwenye maungio weka nondo laini, zisizo na mikwaruzo, kipenyo mm 25, urefu sm 45, kila baada ya sm 30, zikae katikati ya unene. Nusu ya kila nondo ipakwe grisi ili bamba moja liweze kutanuka na kusinyaa bila kulivuta la pili. Kata maungio kwa msumeno wa diski kati ya saa 6 na 12 baada ya kumwaga, kina robo hadi theluthi ya unene. Ukichelewa hadi kesho yake, zege limeshachagua lenyewe pa kupasukia. Mwagilia na kufunika kwa magunia mabichi siku 7.

Panapoharibika mara nyingi: nondo zimekaa upande. Zikishakaa upande bamba linafungwa, haliwezi kuteleza, na baada ya msimu mmoja unaona ufa sambamba na maungio, sm 30 hivi pembeni. Watu wanasema saruji mbovu. Saruji haina kosa, kosa ni fundi aliyechomeka nondo kwa mkono kwenye zege bichi badala ya kuzifunga kwenye vikapu vya chuma kabla ya kumwaga.

Dada Pima (#6)

Kaka Zege30 ahsante. Sasa tuje kwa wanaotembea, ambao ndio wengi kuliko wote na ndio wa mwisho kuchorwa.

Daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu linahitaji uwazi wa mita 5.5, ongeza unene wa boriti na sakafu, unapanda karibu mita 6.3. Kwa ngazi za sm 16 hiyo ni ngazi 39 kupanda na 39 kushuka. Kwa mteremko wa mwenye kiti cha magurudumu, kwa uwiano wa 1 kwa 12, ni mita 76, na ukiweka vibaraza vya kupumzikia unakaribia mita 90 kila upande. Mama mwenye mtoto mgongoni na furushi kichwani akiona mita 90 upande huu na mita 12 za lami upande ule, atachagua lami. Uzio mtauweka, utakatwa.

Kwa hiyo pale ambapo magari ya mwendo yameshapandishwa juu, chini pawe pa watu. Ndiyo faida kubwa ya Kijazi ambayo haijatumika vya kutosha. Chini kuna magari yanayokata kona tu, mwendo wake ni mdogo. Kivuko cha usawa wa ardhi kilichoinuliwa sm 10 hadi 12, upana wa mita 5 au 6, na kisiwa cha kusimama katikati chenye kina cha mita 2 au zaidi. Mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde. Njia tatu za mita 3.5 anazivuka kwa sekunde 9, mzee kwa 11. Taa ya kijani ya sekunde 15 inatosha. Kila mtu avuke nusu, asimame kisiwani, avuke nusu.

Pili, ngazi za kituo cha mwendokasi zikihitajika. Ngazi yenye upana wa mita moja, watu wakienda na kurudi, inapitisha kama 40 kwa dakika. Ngazi ya mita 2 ni 80. Basi la mita 18 likishusha watu 120, ngazi hiyo inahitaji dakika moja na nusu kuwaondoa. Mabasi yakija kila dakika, jukwaa halitakaa liwe tupu, na anayetaka kupanda anakutana na ukuta wa wanaoshuka. Njia za kutoka jukwaani ziwe ncha zote mbili.

Tatu, na hili niliseme kwa msisitizo: anayebadilisha basi la mwendokasi kutoka njia ya Sam Nujoma kwenda njia ya barabara ya Morogoro asitoke nje ya geti. Geti la kadi likiwa zima linapitisha watu 25 hivi kwa dakika, na la tiketi ya karatasi pungufu ya hapo. Abiria akitoka na kuingia upya anakupigia foleni mara mbili. Njia ya ndani iliyofunikwa, isiyozidi mita 150, upana wa mita 5, inamaliza kazi.

Shikamoo Foleni (#7)

Mnazungumzia vivuko wakati machinga wamejaa kila mahali. Waondolewe wote, mengine yatajipanga yenyewe.

Dada Pima (#8)

Waliondolewa Oktoba 2021 jiji zima. Pita leo uone. Machinga anafuata watu, na Ubungo ina watu. Hata soko jipya kubwa lililojengwa kwenye uwanja wa iliyokuwa stendi, lenye maduka zaidi ya 2,000, linaongeza watu zaidi pale pale.

Kinachosaidia ni mstari. Chora njia ya kutembea yenye upana wazi wa mita 3 kwa uchache, mita 4 karibu na kituo. Nje ya mstari huo, upande wa mbali na barabara, weka vizimba vya kina cha mita 1.5, vyote vikitazama upande mmoja. Mteja anasimama mbele ya kizimba, kwa hiyo mpe sm 80 zake nje ya zile mita 3, la sivyo mita 3 zako ni 2.2. Marufuku ndani ya mita 10 kutoka miguu ya ngazi na mageti. Pawe na taa na pipa kila vizimba kumi. Viongozi wa machinga wenyewe ndio wasimamie mstari. Mgambo akiusimamia peke yake anageuka mpangishaji.

Taa Nne (#9)

Wakuu, mmesahau trafiki.

Taa za chini zipo kwa wanaokata kona, lakini saa za msongamano askari anazizima na kuongoza kwa mkono, upande mmoja unasimamishwa dakika 7, mwingine dakika 8. Anaonekana anasaidia. Hesabu inasemaje?

Njia moja inatoa gari moja kila sekunde 2. Mzunguko wa taa wa sekunde 120 wenye zamu nne za kijani unapoteza sekunde 4 kila zamu wakati wa kubadilisha, jumla 16, inabaki asilimia 87 ya muda. Mzunguko wa dakika 10 unapoteza 16 zile zile, inabaki asilimia 97. Faida yake, ikiwa kila kitu kingine kiko sawa, ni kama asilimia 12. Hapo askari yuko sahihi.

Lakini kila kitu kingine hakiko sawa. Njia ya kukatia kulia ina urefu wa mita 60, inabeba magari 10. Yanaisha ndani ya sekunde 20 hivi, na waliobaki wa kulia wamezuiwa nyuma kwenye foleni ya wanaonyoosha. Dakika zote zinazofuata unaruhusu njia tatu huku zinatumika mbili. Umepoteza theluthi ili upate asilimia 12. Zaidi ya hapo, upande uliosimamishwa dakika 7 ukipokea magari 20 kwa dakika unakusanya 140. Kwa njia mbili ni foleni ya mita 455. Inafika kituo cha nyuma, inafunga daladala ambazo Njia Tatu alikuwa anazipanga. Na mtembea kwa miguu hasubiri dakika 7, anaingia popote.

Ushauri: mzunguko usizidi sekunde 120 hadi 140, njia za kona zirefushwe hadi mita 90 au 100 kwa kupunguza kisiwa, na askari abaki kwenye kazi ambayo taa haziwezi, yaani kuzuia magari kuingia kwenye makutano wakati mbele kumejaa.

Mtaro Safi (#10)

Kabla hamjachimba chochote, kumbukeni Ubungo imebeba nini chini yake. Gesi ya Songo Songo inafika pale tangu 2004 kwa ajili ya mitambo ya umeme. Kituo kikubwa cha TANESCO kiko pale. Mabomba makubwa ya maji yanapita, na jina la kituo cha Ubungo Maji linajieleza. Ongeza nyaya za simu za kila kampuni. Ramani ulizopewa zinaonyesha palipokusudiwa bomba lipite, na pale lilipopita ni suala jingine. Chimba mashimo ya kupimia kwa mkono, sululu na koleo, kina mita 1.5 hadi 2, kila mita 20 kukatiza njia unayotaka kujenga, *kabla* mchoro haujafungwa. Mkandarasi akikuta bomba baada ya kusaini, siku zake zote za kusubiri utazilipa wewe.

Pia hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Aliye kwenye zile 7.5 za nyongeza anachorewa X ya kijani ukutani na ana fidia yake, aliye ndani ya 22.5 ana X nyekundu, hana fidia. Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara ina historia yake, mita 121.5, kwa hiyo msibebe kanuni ya barabara nyingine mkaileta pale.

Maji ya mvua: barabara ya juu inakusanya maji na kuyashusha kwa mabomba kwenye nguzo. Bomba likimwaga juu ya njia ya watu badala ya ndani ya mtaro, mtaona dimbwi kila masika. Mdomo wa kunywea maji uwe kila mita 20 hadi 25, mteremko wa mfereji usipungue asilimia 0.5. Vifuniko vya chuma vinaishia kwenye chuma chakavu ndani ya miezi, tumieni vya zege vyenye matundu, sm 10 unene, vizito kiasi cha kuhitaji watu wawili. Kusafisha ni mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kabla ya masika na vuli. Chupa za plastiki na mchanga vikishafika nusu ya kipenyo, mvua ya kwanza inavigandamiza na kuziba kabisa.

Msomaji wa Kimara (#11)

Mabasi ya mikoani je? Yalihamishiwa Mbezi, ila Shekilango bado yanapakia.

Mpima Foleni (#12)

Yanapakia kwa sababu abiria wa Sinza au Manzese mwenye mabegi matatu hataki kulipa daladala au bajaji hadi Mbezi kwanza. Kufukuza basi bila kumpa abiria usafiri wa mizigo ni kuhamisha kituo kwenda mtaa unaofuata. Basi dogo la mizigo kutoka Ubungo hadi Mbezi, likitoka kila robo saa kuanzia saa 10 alfajiri, lingepunguza. Mengine ni ukaguzi tu.

Njia Tatu (#13)

Mkuu, tukipewa nafasi ya kupeleka hoja halmashauri, tunaanza na lipi? Wataomba takwimu.

Mpima Foleni (#14)

Tunaanza na kuhesabu, na ni kazi ya siku tatu: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Jumatatu na Ijumaa zinapotosha. Saa 12 hadi 4 asubuhi, saa 9 alasiri hadi 2 usiku. Watu wawili kwa kila kituo. Wa kwanza anaandika tarakimu tatu za namba ya gari, ruti, na saa ya kufika hadi sekunde. Wa pili anaandika tarakimu hizo hizo na saa ya kuondoka. Ukizilinganisha una muda wa kukaa wa kila gari. Simu zao zilinganishwe saa kabla ya kuanza, tofauti ya sekunde 30 inaharibu kila kitu.

Mtu wa tatu anahesabu waliopanda na walioshuka, kila gari la tano linatosha. Wa nne yuko kwenye kivuko anahesabu wanaovuka kila dakika 5, na anachora kwenye karatasi ya ramani mstari wa pale wanapovuka kweli.

Msitumie wastani peke yake. Pangeni muda wa kukaa kutoka mdogo hadi mkubwa na muangalie wa gari la 85 kati ya 100. Huo ndio wa kupangia nafasi. Wastani ukiwa dakika 3 na wa 85 ukiwa 7, tatizo ni ruti chache zinazolala kituoni, na zitakuwa na majina. Karatasi niliyopanga ina safu sita, nitaiweka hapa kesho kama picha ili kila mtu achapishe. Chapisheni upande mmoja tu, nyuma pabaki pa kuandika ajali, mvua na saa askari alipozima taa.